Fundi, usizime fsync kwenye kompyuta ya duka la mtu

Kuna duka la vipuri Kariakoo ambalo mfumo wake wa mauzo ulikuwa unasuasua. Fundi akaitwa, akazima swichi iitwayo fsync kwenye PostgreSQL, programu ya hifadhidata inayotunza rekodi za mauzo, risiti zikaanza kutoka chapchap, akalipwa chake akaondoka. Umeme ukakatika, na betri ya UPS ilishakufa zamani. Uliporudi, hifadhidata ikagoma kufunguka. Nilimkuta mama mwenye duka amemwaga nakala za risiti mezani, anaandika upya madeni ya wateja mmoja mmoja.

Nimekasirika, na hasira yangu ni kwa sisi mafundi.

fsync ndiyo inayoilazimisha data ifike kwenye diski yenyewe kabla programu haijatangaza kwamba kazi imekwisha. Ukiizima, mauzo yanabaki kwenye RAM, kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, na mfumo endeshi wa Linux kwa kawaida huweza kuyaacha humo sekunde 30 au zaidi. Kibaya zaidi si kupoteza mauzo ya nusu dakika. Kurasa za hifadhidata, yaani vipande vya data, zinafika diskini bila mpangilio, hii mpya, ile ya zamani, na hifadhidata nzima inaharibika, pamoja na rekodi za mwaka jana.

Na njia nyingine ipo! PostgreSQL hiyohiyo ina swichi nyingine, synchronous_commit, inayoifanya isubiri kila muamala uandikwe diskini kabla ya kujibu. Ukiizima hiyo, umeme ukikatika unaweza kupoteza miamala ya mwisho, kwa mipangilio ya kawaida haizidi ya sekunde moja, lakini hifadhidata inabaki nzima. Kasi unaipata. Maelezo yapo wazi kwenye mwongozo wake. Kwa nini hatusomi?

Mwaka 2009 watumiaji wa ext4, mfumo wa Linux wa kupanga faili diskini, walilia hivyohivyo: kompyuta ikizimika ghafla, wanakuta faili zina majina lakini ndani sifuri. Theodore Ts'o, anayeisimamia ext4, alisema programu ndizo zilizopaswa kuita fsync. Kwa sheria za POSIX, kanuni za pamoja za mifumo kama Linux, alikuwa sahihi, nakubali japo kwa shingo upande. Hata hivyo aliongeza marekebisho yaliyopunguza hasara hiyo, kwa sababu aliyepoteza faili hakuwa ameandika programu yoyote.

Sawa, foleni ya wateja nayo inaumiza, na kwenye mashine ya majaribio zima unachotaka. Lakini dukani, katika jiji hili ambalo umeme hukatika bila hodi, mwambie mwenye mali kwanza: mama, nikifanya hivi itakimbia, ila umeme ukikatika unaweza kukosa kila kitu. Halafu mwache aamue yeye.