Nisikilizeni mimi kabla ya yule dereva

Nianze kwa kukanusha: sikudukua mfumo wa mishahara. Najua yule dereva wetu ameshasambaza kwenye magrupu yote, Ngaramtoni mpaka Usa River, kwamba nimefumwa. Sijafumwa. Nilijifuma mwenyewe, tena kwenye projekta.

Nyie wa siku zote mnaijua ofisi yetu ya utalii na mnaijua intaneti yake. Msimu wa wageni ukichanganya, watu wa oda wanagombania laini moja kama abiria wa daladala pale Kilombero, hapa Arusha, saa kumi na mbili jioni. Mtu wa mitambo ni mimi. Nikamwahidi bosi kwamba nitaweka programu ya Squid kwenye ile kompyuta chakavu ya stoo, iwe proksi, yaani kila mtu apitie hapo kwenda intaneti, kurasa zinazofunguliwa kila saa zihifadhiwe palepale, bando lipumue. Nikataja na namba kwa mdomo wangu: asilimia 40. Msiniulize niliitoa wapi.

Wiki nzima logi inaniandikia TCP_MISS (sina ulichoomba, nakifuata mtandaoni) na TCP_TUNNEL (nimepitisha tu, sijui ndani kuna nini), basi. Tovuti karibu zote siku hizi ni HTTPS, yaani mazungumzo yake yamefungwa kwa siri. Squid ya kawaida inapitisha bahasha iliyofungwa, haioni ndani, sasa itahifadhi nini? Nikapandisha cache_mem (hifadhi ya kwenye RAM), nikatanua cache_dir (ya kwenye diski), wapi! Jumatatu saa moja asubuhi, kikao saa tatu, nikanakili mstari mmoja wa refresh_pattern, ile kanuni ya ukurasa ukae hifadhini muda gani, mrefu kama treni ya mizigo: override-expire, ignore-private, ignore-no-store, ignore-reload. Kwa Kiswahili cha nyumbani: ukurasa ukisema muda wangu umeisha, hifadhi, ukisema mimi ni siri ya mtu, hifadhi, mtu akibonyeza F5 aletewe mpya, mpuuze. Kwa dakika 1440.

Nikafungua kurasa mbili tatu kujaribu. TCP_HIT! TCP_MEM_HIT! Yaani zinatoka hifadhini, si mtandaoni. Wana, nilicheza peke yangu stoo.

Sikujiuliza hizo hit ni za nini. Kitu pekee pale ofisini kinachotembea kwa HTTP tupu, isiyofungwa, ni mfumo wetu wa maombi ya likizo na advansi, wa PHP, wa kizamani. Na maskini ulikuwa unajitetea: kila ukurasa unatoka umeandikwa private, yaani wa mtu mmoja, na tarehe ya kuisha muda ni 19 Novemba 1981, tarehe ya zamani ambayo PHP huweka ili ukurasa uonekane umeshaisha muda. Mimi ndiye niliyeiziba proksi masikio. Na nani aliufungua wa kwanza? Mimi. Naangalia kama advansi yangu imepita.

Saa tatu. Chai, chapati, watu kumi na kitu. Bosi anataka kutuonyesha namna ya kujaza maombi. Akaingia kwa jina lake, kwa nywila yake, akabofya "Maombi yangu". Ukuta mzima ukaandika: Karibu, na jina langu.

"Mbona inaniita wewe?"

Akabonyeza F5. Mimi. F5 tena. Mimi. Akaibonyeza kwa kidole gumba, taratibu, kama anabonyeza kengele ya mtu mwenye deni. Bado mimi. Wakati huo watu wameshaanza kusoma.

*Sh 85,000. Sababu: Nadaiwa kitimoto Sakina. Mama muuzaji ameniambia nisipite tena ile njia bila hela. Hali: Inasubiri.*

Niliandika hivyo nikijua anayesoma ni mama mhasibu peke yake, na yule kwangu ni kama mama yangu kabisa. Hapo ningepona. Ila kulikuwa na mstari wa chini.

*Sh 60,000. Sababu: Kumlipa dereva kiatu. Nilikiazima kwenda ukweni, kimoja kimepotea. Bado hajui. Hali: Imekubaliwa.*

Imekubaliwa. Mwezi uliopita.

Nikasikia chapati imeacha kutafunwa nyuma yangu.

"Arif," dereva akasema, sauti ya upole mno, "si uliniambia kiko kwa fundi?"

Dada wa mapokezi akataka kuniokoa, akafungua kwenye simu yake, ambayo nayo iko Wi-Fi ileile. "Hata kwangu ni wewe, kaka." Mama mhasibu akafumba macho: "Mwanangu, zima huo mtambo."

Nikakimbilia stoo, nikaiwasha Squid upya, nikarudi: bado niko ukutani, kashe, yaani zile kurasa zilizohifadhiwa, si iko kwenye diski. Nikaizima, nikafuta folda yote, nikaiunda upya tupu kwa squid -z, mstari nikautoa. Hit zimerudi karibu na sifuri. Bosi alisema kitu kimoja tu: angalau leo ukurasa umefunguka haraka.

Kitimoto nimelipa. Kiatu ni cha ngozi, kahawia, namba 43, mguu wa kushoto. Mara ya mwisho kilikuwa mlangoni kwa mkwe, Marangu, na yule mbwa wa pale simwamini. Aliyekiona aje inboksi, asimpigie dereva.