Ukumbi Unaotembea

Mdogo wangu alipokaribia kufunga ndoa, nilikabidhiwa kazi moja tu: wageni wa kutoka mbali. Wafike, walale, wafikishwe ukumbini. Nikaipokea kwa kiburi cha mtu anayeujua mji wake.

Mwongozo niliowaandikia ulikuwa kurasa mbili, na hadi leo siuonei aibu. Niliweka hoteli tatu tu, za bei tofauti, zote upande mmoja wa mji ili basi moja litoshe. Ukiwatajia wageni hoteli kumi watalala katika zote kumi, na dereva atawazungukia mpaka bibi harusi apate wajukuu. Muda wa njiani niliupima mwenyewe Jumamosi iliyotangulia, saa ileile ya msafara. Ramani ilisema dakika 20, mimi nikatumia 35, kwa hiyo nikaandika 45, maana watu 26 hawapandi basi kwa mpigo mmoja, na kila basi lina mtu aliyesahau miwani chumbani. Maelekezo ya mjomba, “kateni kushoto pale ulipokuwa mti mkubwa,” niliyafuta. Mgeni atauonea wapi mti uliokatwa kabla hajazaliwa?

Mwishoni nikaweka namba mbili za simu, ya dereva na yangu. Kosa la kwanza hilo. Namba ya pili ilitakiwa iwe ya mtu asiye na shughuli, na mimi siku hiyo nilikuwa nazo nne. Isitoshe, simu nilikuwa nimeizima sauti kwa sababu grupu la harusi lilikuwa likilia tangu alfajiri.

La pili nililifanya saa 5 asubuhi nikiwa ukumbini. Ukumbi una mageti mawili, na la nyuma basi halipiti, kwa hiyo nikasimama kwenye geti la mbele ili wageni niwatumie lokesheni ya geti lenyewe. Hadi hapo, akili timamu. Sasa, WhatsApp ukibonyeza alama ya kuambatisha, kisha mahali, inakupa njia mbili. Moja hutuma mahali uliposimama, na alama hubaki palepale hata ukihamia nchi nyingine. Ya pili ni ya laivu: alama inakufuata kama kivuli. Nikaona laivu ndiyo bora; nani awatumie wageni iliyokufa? Simu ikaniuliza: dakika 15, saa 1, au saa 8?

Basi lilipangwa kuondoka hotelini saa 8 mchana. Nikashangaa simu imejuaje. Nikabonyeza saa 8.

Kumbe simu ilikuwa inauliza muda, jumla ya saa nane, kuanzia pale hadi saa 1 jioni. Na muda wote huo ukumbi wa harusi ulikuwa mfukoni mwangu.

Ningefanya nini? Ningesimama getini, ningesubiri kidogo mpaka simu ionyeshe kwamba imekosea kwa mita chache tu (ndani ya jengo au mara tu baada ya kuiwasha inaweza kukosea kwa mita nyingi), ningetuma mahali nilipo sasa, basi. Kisha ningempa mtu asiyeujua mji aifungue mbele yangu. Ningepiga na picha ya geti, kwa ajili ya wale ambao bando huwaishia njiani. Kazi ya dakika tano. Badala yake nikarudisha simu mfukoni, nikaenda zangu mjini.

Saa 8 juu ya alama basi likang'oa. Wakati huo ukumbi ulikuwa kwa fundi cherehani, unasubiri suruali ipunguzwe sentimita 4. Dereva, mwenyeji wa mji, alisema ukumbi anaoujua yeye uko upande wa pili kabisa. Shangazi akamjibu, “Baba, wewe endesha. Mwenye shughuli katuma ramani kwa mkono wake.” Kiti cha mbele alikaa kijana mmoja, simu mkononi, akawa ndiye nahodha. Walipobakiza mitaa miwili, ukumbi ukaondoka.

“Umekata kushoto,” kijana akatangaza.

“Nini kimekata kushoto?”

“Ukumbi.”

Wakaufuata. Ukapita kuchukua keki, ukakaa dakika 10, wakaukaribia, ukaondoka tena. Nasikia nyuma ya basi mzee mmoja alianza kuuliza kama harusi yenyewe inafanyika ndani ya gari.

Mimi nilikuwa kwa kinyozi. Shavu la kulia safi, la kushoto bado msitu, boksi la keki nimelipakata chini ya shuka. Nikasikia honi. Kwenye kioo nikaona basi zima limesimama nyuma yangu, na watu 26 waliovaa wakapendeza wanashuka mmoja mmoja, wanarekebisha tai, wanapanga zawadi kwenye benchi la kusubiria.

Shangazi aliingia wa kwanza. Akasoma bei za kunyoa ukutani, akanigeukia.

“Mwanangu, ndipo hapa?”

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Ndipo hapa?”

Nikatoa simu. Nimepigiwa mara 31. Shangazi akanisogezea ya kwake: katikati ya ramani, ndani ya kiduara, picha yangu inatabasamu juu ya paa la kinyozi.

Saa 9 ilishapita, ndoa ni saa 10, na dereva alisema maelekezo ya mdomo haruhusiwi tena kuyasikiliza. Hapakuwa na namna. Nikapanda basi vilevile, taulo shingoni, keki mapajani, shavu moja. Tukaondoka. Kijana wa kiti cha mbele muda wote hakuwa ameinua macho kwenye simu.

“Dereva, simama,” akasema. “Hapa hapa. Tumefika.”