Waandishi viraka

Jana asubuhi nimekutana na kichwa cha habari: bei za bidhaa zashuka. Nikafurahi kwa sekunde kama tatu hivi, halafu nikakumbuka kwamba mimi ndiye ninayenunua vitu vya nyumbani kwangu na hakuna aliyenishushia chochote. Nikafungua habari yenyewe. Kumbe kilichoshuka ni mfumuko wa bei. Maana yake bei bado zinapanda, ila zinapanda taratibu kuliko zilivyokuwa zikipanda mwanzo. Jamani, gari likipunguza mwendo halijarudi nyuma.

Nikafanya kosa la kubofya jina la mwandishi nione mengine aliyoandika. Ndani ya siku saba kijana wa watu ameandika kuhusu fainali, mafuriko, ndoa ya msanii, kikao cha mawaziri na tiba ya kisukari "iliyogunduliwa". Hiyo ya kisukari nayo nikaisoma, maana asubuhi ilikuwa imeshaharibika. Waliopona ni panya. Panya wenyewe wametajwa aya ya nane.

Sina ugomvi na kijana. Kwenye soka tuna mchezaji kiraka: leo beki wa kushoto, kesho winga, golikipa akiumia anavaa glovu yeye. Makocha wanampenda kiraka na wana haki ya kumpenda. Lakini mmewahi kuona timu yenye viraka kumi na mmoja? Mimi nimeiona. Inaitwa chumba cha habari cha siku hizi. Dawati la afya limeunganishwa na la elimu, la elimu likamezwa na la "jamii", la jamii likabaki mtu mmoja, na huyo mtu mmoja yuko kwenye ndoa ya msanii.

Mnaonisoma siku nyingi mnajua nilipita kwenye kazi hiyo kabla sijatafuta ya kunilisha. Pale tulikuwa na mzee mmoja wa dawati la mahakama. Alikuwa ameandika habari za mahakama tangu sisi tuko shule, na tulimtania kwamba ni karani aliyepotea njia akaishia kwenye gazeti. Siku moja nikapewa niongozane naye nijifunze. Tukaingia kwenye kesi moja ya ubadhirifu. Ilichukua dakika nne. Mwendesha mashtaka akasimama, akasema shahidi hakufika, akaomba tarehe nyingine, hakimu akakubali, wote tukainuka. Nikafunga daftari. Hakuna habari.

Mzee hakufunga la kwake. Akaandika tarehe, akaandika sababu, kisha akafunua kurasa kurudi nyuma na kunionyesha kwa ncha ya kalamu. Hiyo ilikuwa mara ya sita. Mara tatu shahidi hakufika, mara mbili jalada halikuonekana, mara moja wakili wa serikali alikuwa safarini. Na maombi yote sita yalitoka upande wa mashtaka. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza saa: "Mwanangu, umewahi kuona anayedai ndiye anayekimbia siku ya kulipwa?"

Halafu akanipeleka masijala. Hakuwa na shida ya jalada lolote siku ile. Alikwenda kusalimia. Akaulizia mtoto wa mama mmoja karani aliyekuwa ametoka kufanyiwa upasuaji, akasoma orodha ya kesi za wiki ukutani, tukaondoka. Wiki tatu baadaye upande wa mashtaka ukaondoa mashtaka. Magazeti mengine yalitoka na sentensi tatu: mshtakiwa ameachiwa, ameshukuru Mungu, amekumbatia ndugu. Letu lilitoka na tarehe sita, sababu sita, na swali moja ambalo ofisi husika ililazimika kulijibu. Mzee aliandika habari ile kwa dakika arobaini. Dakika arobaini na miezi kumi na minne.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu hesabu za wahariri wa leo haziwezi kuiona ile miezi kumi na minne. Mara tano za mwanzo alirudi ofisini mikono mitupu. Ungekuwepo ule ubao wa siku hizi unaohesabu habari ngapi umeleta na zimebofywa mara ngapi, mzee angesomeka sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, na kabla ya ile ya sita angekuwa ameshapewa barua ya kuhamia mitandao ya kijamii. Kumbe zile sifuri ndizo zilizokuwa habari. Mtu aliyetumwa mahakamani mara moja huona shahidi hakufika. Aliyekaa pale huona shahidi huyu *hafiki*. Ni herufi mbili tatu tu za Kiswahili, lakini katikati yake pana mshahara wa mtu wa mwaka mzima, na hilo ndilo hawataki kulipia.

Msiniambie intaneti inakumbuka kila kitu. Inahifadhi kila kitu, sawa. Ghala halijawahi kumshtua mtu usingizini. Ili utafute, lazima kwanza uhisi kuna kitu, na hisia hiyo haipakuliwi.

Chukueni mfano wa Helen Branswell, mwandishi wa habari za afya. Mwaka 2003 SARS, ule ugonjwa wa mapafu wa kuambukiza, ilipoingia Toronto, alikuwa akiandikia shirika la habari la Canadian Press. Hakuiacha. Akaendelea na magonjwa ya kuambukiza: mafua ya ndege, Ebola, Zika, miaka na miaka, ikiwemo ile ambayo hapakuwa na mgonjwa wala mhariri aliyejali. Tarehe 31 Desemba 2019, watu wakijiandaa kwa mkesha, aliona taarifa fupi kuhusu nimonia isiyojulikana chanzo huko China, akaandika Twitter kwamba anaomba isiwe kitu, ila inamrudisha kwenye SARS. Taarifa ile ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye simu. Maneno yaleyale, kwa mimi na wewe, ni nimonia za watu wa mbali. Kwake yalikuwa na harufu, kwa sababu pua ilikuwa na miaka 16 kwenye harufu hiyohiyo.

Au John Carreyrou wa Wall Street Journal. Desemba 2014 jarida la New Yorker lilitoa makala ndefu kuhusu Theranos, kampuni iliyodai inapima magonjwa chungu nzima kwa matone machache ya damu. Mwanzilishi wake, Elizabeth Holmes, alipoulizwa mashine inafanyaje kazi, alitoa maelezo ya juujuu mno: kemia inafanyika, kitu kinatokea, majibu yanatoka. Wasomaji wengi waliyapita. Carreyrou, aliyekuwa ameandika habari za afya kwa miaka, yakamkwama kooni. Oktoba 2015 akatoa habari yake ya kwanza, kampuni iliyothaminiwa dola bilioni 9 ikaanza kubomoka, na Januari 2022 Holmes akatiwa hatiani kwa ulaghai. Kabla ya habari ile ya Carreyrou, Holmes alikuwa amepamba kurasa za mbele za majarida kibao, akihojiwa na watu waliojua kuhoji lakini hawakujua damu.

Sitarefusha kuhusu vyanzo, mnajua wenyewe: mwenye siri hapigi simu mapokezi akasema niunganishieni na yeyote aliyepo. Anampigia anayemjua, na kumjua huko kulianza siku mtoto alipofanyiwa upasuaji. Na anayebobea hukosea pia, ila hukosea mara moja kila kosa. Kiraka kosa lilelile hulifanya kila baada ya miezi sita, maana kila mara ni kiraka mwingine.

Haya, sasa upande wa pili, kabla hamjaniletea kwenye maoni.

Ni kweli kwamba mtu akikaa muda mrefu kwenye nyumba ya watu anaanza kula nao. Waandishi wa siasa wakiitana majina ya utani na wanasiasa, waandishi wa michezo wakilia timu ikifungwa, waandishi wa biashara wakiwaita wenye makampuni "watu wenye maono". Nimewaona, nimekaa nao meza moja, na baadhi yao hawajaandika swali tangu wapewe namba ya simu ya waziri. Mfano mchungu zaidi ni Irak. Judith Miller wa New York Times alikuwa mbobezi hasa, miaka mingi kwenye habari za silaha na Mashariki ya Kati, na habari za silaha za maangamizi (ambazo baadaye hazikuonekana) zilizotoka chini ya jina lake kabla ya vita ya 2003 zilitegemea watu waliotaka vita. Mei 2004 gazeti lenyewe lilikiri kwa wasomaji kwamba halikuwa makini vya kutosha. Kwa hiyo nawapa hiyo. Imeniuma, lakini nawapa.

Ila hamwondoki nayo yote. Wakati uleule, Jonathan Landay na Warren Strobel wa Knight Ridder, kampuni ya magazeti ya Marekani, walikuwa wakiandika kwamba ushahidi wa silaha hizo una matundu. Nao walikuwa wabobezi wa usalama na mambo ya nje. Tofauti ni kwamba wao waliwasikiliza zaidi watu wa ngazi za chini na kati, wanaosoma mafaili, badala ya wakubwa wanaoyatolea hotuba. Na mwangalieni marehemu Andrew Jennings, mwandishi wa uchunguzi wa Uingereza, na FIFA. Mwaka 2002 alisimama kwenye mkutano na waandishi wa habari akamuuliza Sepp Blatter, rais wa FIFA wakati huo, kama amewahi kupokea rushwa. Mwaka uliofuata akapigwa marufuku kwenye shughuli za FIFA. Hakuhamia tenisi! Aliendelea na FIFA mlango ukiwa umefungwa, na Mei 2015 polisi walipowatoa vigogo wa shirika hilo hotelini Zurich, mashuka yakitumika kuwaficha wasipigwe picha, dunia ilishangaa na yeye hakushangaa. Wenye nyumba hawakumpenda hata kidogo, na vyumba alivijua vyote. Ugonjwa ni urafiki. Mnaukata mguu kwa sababu ya kiatu kinachobana.

Kisha kuna Watergate, ile hadithi ambayo kila mhariri anayefuta dawati huitoa mfukoni: watu walikamatwa wamevunja ofisi za chama cha Democratic kwenye jengo la Watergate, na kashfa yake ikaishia kumng'oa Rais Nixon wa Marekani. Bob Woodward na Carl Bernstein hawakuwa wa dawati la siasa. Walikuwa vijana wa habari za jiji, na wakongwe wengi wa siasa pale Washington waliiona ni kesi ya wezi tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sawa, tena sawa sana, kuna maswali ambayo mwenyeji ameyazoea hadi hayaoni. Lakini waulizeni hivi: nani aliingia ndani ya jengo? Tarehe 17 Juni 1972, waandishi wengine wakiwa wamezuiwa nje, Alfred Lewis wa Washington Post alipita pamoja na kaimu mkuu wa polisi wa jiji, akashinda mle ndani akipiga simu ofisini kueleza anachokiona. Alikuwa ameandika habari za polisi kwa zaidi ya miaka 30. Jina lake ndilo lililo juu ya habari ya kwanza, tarehe 18. Kwenye filamu hajachezwa na muigizaji yeyote maarufu, masikini.

Nirudi kwenye bei zangu. Nilikasirika kiasi cha kupiga simu pale, jambo ambalo sijalifanya tangu nitoke kwenye kazi hiyo, na bahati nikaunganishwa na kijana mwenyewe. Mpole, ana adabu, nyuma yake kelele za watu wanaoitana.

"Samahani kaka, kwani si kitu kilekile?"

Nikamwambia achukue karatasi. Kitu kilikuwa 100 mwaka juzi, mwaka jana kikawa 110, mwaka huu ni 115. Kimeshuka?

Kimya. Nikasikia kalamu.

"Aa. Kimepanda."

"Ila?"

"Ila kimepanda kidogo." Akacheka, na nilimpenda kwa kicheko kile, cha mtu aliyeona kitu na hatakisahau tena. Akasema anakwenda kumwomba mhariri abadilishe kichwa cha habari. Nikamwambia vizuri, basi takwimu za mwezi ujao zikitoka nitakusoma.

"Hapana kaka, sitakuwa mimi. Kuanzia kesho nimepangwa mahakamani." Akasita kidogo. "Hivi, na hilo nalo nikuulize ukiwa hapohapo. Mtu akipewa dhamana, ndiyo kesi imeisha?"