Ukiwa Florence, gari likodi siku moja tu

Jamani kila anayepanga kwenda Florence, kule Italia, anauliza eti nikodi gari siku ngapi, mi jibu langu ni moja tu, siku moja inatosha na hiyo moja usiingie nalo mjini. Miji ya jirani kama Pisa na Lucca gari la nini? Treni zipo kibao. Lucca unashuka stesheni, hatua chache umefika kwenye ule ukuta wa zamani, unazunguka mji mzima kama kilomita 4 hivi na watu wanaendesha baiskeli juu yake, saa hiyo mwenye gari bado anatafuta paking.

Gari ni la kule treni isikofika. Ile barabara ya haraka ya kwenda mji wa Siena achana nayo, pita barabara ya SR222, wenyewe wanaiita Chiantigiana, kona juu ya kona, mizabibu huku mizeituni kule, unasimama Greve unapiga kahawa (mvinyo waachie abiria), unapita Panzano, unafika Castellina halafu unakata kwenda San Gimignano. Pale hakuna stesheni kabisa, gari unaacha nje ya ukuta unapanda kwa miguu. Minara yake zamani ilizidi 70, leo imebaki 14, matajiri walikuwa wanashindana nani kajenga mrefu zaidi, yaani mambo ya majirani na maghorofa hayajaanza leo.

Kinachonikera ni ZTL. Hayo ni maeneo ya katikati ya miji yanayozuia magari ya wageni, hakuna geti wala askari, ni kibao na kamera basi. Sisi tulifuata ramani ya simu, tukaingia dakika mbili tukatoka, tukajua yameisha. Miezi ikapita, mara kampuni tuliyokodi ikakata hela kwenye kadi, eti gharama ya kupeleka jina letu polisi, faini yenyewe ikaja baadaye! Na anayeishi nje ya Italia, polisi wana siku 360 za kumtumia hiyo faini, kwa hiyo usishangilie mapema.

Ndo maana nasema lichukulie eapoti na ulirudishe hapohapo, tramu ya T2 inakuleta mjini. Beba leseni ya kimataifa, na kumbuka wanaendesha kulia. Baba watoto siku nzima kila kona badala ya indiketa anawasha waipa, na jua linawaka.