Sauti ya mama ikishatoka kwenye ngoma

Mama mmoja wa Chamwino, Dodoma, alikuwa anabangua karanga pale msanii, binti kutoka mjini, alipomwekea spika ndogo kando ya ungo asikilize walichorekodi wiki iliyotangulia. Alisikiliza kidogo, akavuta ncha ya khanga akaziba mdomo, akacheka. Kisha akauliza: mawifi zangu nao wataisikia?

Swali hilo hunijia kila nikiona kazi ya medianuwai kuhusu maisha ya wanawake: picha ukutani, sauti masikioni, video juu ya kitambaa.

Wanaozitetea wana hoja nzito. Habari za wanawake wa huku zimezoea kufika mjini zikiwa asilimia kwenye ripoti ya semina. Chukua ukeketaji. Sheria inakataza kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18 tangu 1998, na Dodoma imekuwa ikitajwa kati ya mikoa yenye tatizo hilo. Ripoti haikupi pumzi ya mtu anayetafuta neno. Rekodi inakupa: Kigogo chake, kikohozi, mbuzi wakipita nyuma.

Lakini wanawake wa Kigogo hawakuwa wakisubiri spika. Muheme ni ngoma yao. Wao ndio wapigaji, wameibana mapajani, na mgeni aliyezoea wapigaji wanaume hushangaa. Ndani ya wimbo mama anaweza kumsema mume mlevi, wenzake wakaitikia, na akirudi nyumbani hana kesi: si walikuwa wanaimba tu? Wimbo una pa kujifichia. Kinasa sauti hakina. Kinamtoa mmoja kwenye kundi na kumbandika jina na sura, na maonyesho ya jioni mjini yanaweza kuwa yamefika kijijini kwa WhatsApp kabla hakujapambazuka.

Utaambiwa aliridhia. Ni kweli, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaipa ridhaa uzito. Ila alikubali kabla hajaiona kazi yenyewe, tena mbele ya mgeni aliyekuja na sukari kilo mbili. Mimi ningeomba ridhaa ya pili, kazi ikishakamilika, akiwa amekaa na watu anaowaamini.

Kuwaficha wote nako sikubaliani nako. Sura iliyofifishwa tumezoea kuiona kwa watuhumiwa. Na wapo wanaotaka kuonekana: Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Hukwe Zawose, yule mwanamuziki maarufu wa Kigogo, walikuwa waitikiaji katika muziki wa familia ambao wanaume ndio waliouongoza, kisha wakasogea mbele na kushika ilimba, ile ala ya Wagogo inayopigwa kwa vidole gumba, wenyewe.

Yule binti alifuta dakika nzima ya mawifi. Mama akamwambia ile ya shamba la karanga aiache kama ilivyo, na jina lake alitaje hapo, yote mawili, na la baba yake.