Tuta la mchanga halihitaji msitu ndo litulie

Kila ikija habari ya miti kupandwa jangwani watu wanashangilia, halafu akitokea mtaalamu akasema jamani punguzeni miti, anaonekana adui wa mazingira. Ilikuwa hivyo Novemba 2024, China walipotangaza wamemaliza kulizungushia Taklamakan, jangwa lao kubwa la kaskazini-magharibi, ukanda wa kijani wa kilomita 3,046. Mi naona hawa wa "punguzeni" hawajaeleweka kabisa, japo na wenzao wanaotaka miti wana hoja ambazo huwezi kuzipita hivihivi.

Tuanze na mmea wenyewe unafanya nini kwenye mchanga. Waliofika Olduvai kule Ngorongoro wanalijua lile tuta jeusi la majivu ya volkano linalohama, lina umbo la mwezi mwandamo, mapembe yake mawili yanaelekea kule upepo unakokwenda na linasogea kama mita 17 kwa mwaka. Mapembe yanatangulia kwasababu pale mchanga ni mchache, kwahiyo upepo unauhamisha haraka kuliko ule mlima wa katikati. Sasa kwenye tuta la namna hiyo mvua ikiruhusu mimea iote, itaanza kushika wapi? Hukohuko kwenye mapembe, maana juu kileleni mchanga unafukuliwa na kufukia kwa kasi ambayo mche hauwezi kuivumilia. Mapembe yakishashikwa yanabaki nyuma, katikati inaendelea kwenda, na baada ya miaka unakuta tuta limegeuka, mikono yake sasa inaangalia upepo unakotokea. Mwaka 2006 watafiti wawili, Durán na Herrmann, waliliweka hili kwenye hesabu, na kimsingi ni mbio kati ya kasi ya mchanga kuhama na kasi ya mmea kukua. Mmea ukishinda, tuta linasimama. Urefu wa mti haumo kwenye mbio hizo. Kuna vichaka vya jangwani ukivifukia vinatoa mizizi mipya kwenye shina lililofukiwa na kupanda tena juu, vifupi hivyohivyo, na hivyo ndo vinavyoshinda.

Ushahidi mkubwa uko Shapotou, hukohuko China, pembeni ya jangwa la Tengger, ambako reli ya Baotou kwenda Lanzhou ilifunguliwa 1958 katikati ya mchanga unaotembea. Mvua pale ni kama milimita 180 tu kwa mwaka na maji ya ardhini yako chini sana mizizi haiyafikii. Walichofanya ni kutandaza mabua ya ngano juu ya mchanga kwa mistari, wakayakandamiza kwa sepetu katikati yakazama, ncha zikabaki zimesimama shubiri moja hivi, vikatokea viboksi vya mita moja kwa mita moja mlima mzima. Upepo ukifika pale unapungua nguvu, vumbi laini linatua ndani ya boksi, na humo ndo wakapanda vichaka, vikiwemo vya jamii ya artemisia (ndugu wa ile inayojulikana kwa malaria).

Sasa kuna namba moja hapa ambayo naona watu wanaisoma vibaya sana. Vichaka vilistawi mpaka vikafunika karibu theluthi ya eneo, halafu miaka ilivyokwenda vikapungua mpaka kama asilimia 9. Ukiisoma haraka utasema mradi umekufa. Lakini mchanga haukurudi kutembea! Katikati ya vichaka lilishajijenga gamba jembamba juu ya mchanga, la bakteria, mwani na vijimea vidogo vya kijani, ambalo mvua ikinyesha linayashika maji pale juu kabla hayajazama, vichaka vyenye mizizi mirefu vikakosa, vingi vikafa, na nafasi ikaenda kwa nyasi ndogo na hilo gamba lenyewe. Yaani eneo lilijipunguzia mimea mpaka likafika kiwango ambacho mvua yake inaweza kukilisha, na tuta likaendelea kutulia. Kwahiyo mtu akija na takwimu ya miti milioni kadhaa kwenye sehemu ya milimita 180, swali langu ni hayo maji mengine yanatoka wapi.

Barabara inayokatiza Taklamakan, iliyokamilika 1995, inatoa jibu: yanatoka kwenye visima, kando ya ukanda wa miti kuna pampu na mipira ya kumwagilia kwa matone, na maji yenyewe ni ya chumvi. Na hapa upande wa pili lazima usikilizwe. Barabara haiwezi kusubiri miaka ishirini gamba lijijenge, mchanga ukiifunika leo malori yanasimama leo. Mkulima ambaye tuta limefika kwenye ukuta wa shamba lake naye anataka kizuizi msimu huu, na mti unampa kivuli na kuni, gamba halimpi hata kimoja. Hizo hoja nazikubali bila kinyongo, kwa barabara, kijiji, shamba.

Ninachogomea ni kuichukua dawa ya barabara na kuipeleka jangwa zima, halafu mafanikio yapimwe kwa miche iliyopandwa. Mi kila ripoti ya ukanda ule natafuta kina cha maji kwenye visima, na mchanga ulisogea mita ngapi kwa mwaka, kabla sijaangalia idadi ya miti.