Kabla ya Kuagiza Enkoda Mpya, Tazameni Shildi

Katika viwanda vya huku Mtwara, mota inayoendeshwa na inveta (kifaa cha umeme kinachodhibiti kasi ya mota) ikianza kutetemeka au kuonyesha kasi isiyo ya kweli, enkoda, yaani kihisi kinachopima mzunguko wa shafti ya mota, ndiyo ya kwanza kulaumiwa, na mpya huagizwa Dar es Salaam kabla hajatokea mtu wa kufungua paneli na kutazama kebo zilivyofungwa. Naona huko ni kupoteza fedha, kwa sababu mara nyingi enkoda ni nzima, ila palsi zake, yaani mipigo ya umeme inayohesabu mzunguko, zimechafuliwa njiani.

Inveta huwasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mara volti hupanda kwa mamia katika muda usiofika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mpando huo wa ghafla husukuma mkondo kutoka kwenye waya za mota kwenda kwenye athi (ardhi), na mkondo huo ni lazima urudi kwenye inveta. Ukikosa njia fupi na pana, utapita popote, hata kwenye kebo ya enkoda, ambayo mara nyingi hubeba ishara ya volti 5 tu.

Kosa ninalolikuta zaidi ni shildi ya kebo ya mota, yaani wavu wa waya unaoizunguka kuzuia uchafuzi huo, kusokotwa ikawa mkia mwembamba wa urefu wa kiganja, kisha ikafungwa kwa skrubu moja. Ukiupima mkia huo kwa multimita utaonekana hauna kasoro, lakini kwa umeme wa masafa ya juu, yaani unaobadilika haraka sana kama huu, ni kizuizi kikubwa. Shildi ibanwe kwa klampu inayoizunguka pande zote, juu ya bati lililokwanguliwa rangi, kwenye inveta na kwenye mota pia. Kwetu pwani, ambako hewa ya chumvi hula chuma mchana na usiku, klampu hizo zikaguliwe kila matengenezo, maana kutu ikiingia chini yake tatizo hurudi.

Kebo ya enkoda nayo iwe na shildi na jozi zilizosokotwa, ikae angalau sentimita 30 kutoka ile ya mota, na zikilazimika kukutana zikatane kwa pembe mraba.

Kuna kipimo kisichogharimu kitu. Inveta ikiwa haitoi umeme na mota imezuiwa isiwake, zungusha shafti kwa mkono na uangalie hesabu ya palsi. Kisha ondoka kwenye mashine, ruhusu inveta itoe umeme kwa kasi ya sifuri, breki ikiwa imeshika. Hesabu iliyokuwa sahihi mwanzoni ikianza kurukaruka ilhali shafti imetulia, yaelekea enkoda haina kosa.